Jangwa Nyuma ya Altare

Kitahana, Kibondo
9 Novemba 2013

Kwa Bi. Faudhia Khatibu,
Dukani kwa Mzee Khatibu, Kasulu Mjini

Binti yangu mheshimiwa,

Nakuamkia kwa heshima zote, na kwa mkono wako namsalimu baba yako, Mzee Khatibu, pamoja na wote wanaoketi dukani kwake. Natumaini barua hii itawakuta katika afya na amani. Sisi huku tu wazima, mvua zimeanza vizuri, na maharage yamechomoza.

Kabla ya neno lolote, naomba radhi. Mwezi Septemba nilikuaga nikiahidi kukuandikia ndani ya wiki moja. Hii ni wiki ya tisa. Sina udhuru unaostahili kusomwa: kwanza nilikosa karatasi njema, kisha nikapata karatasi nikakosa maneno. Simu ninayo, wajukuu walininunulia, lakini hapa kwetu simu haisikii mpaka mtu apande juu ya kichuguu na kupaza sauti, na jambo hili nisingependa kulipazia sauti kichuguuni.

Utakumbuka kuwa nilikuja kununua kitambaa kwa ajili ya misa ya mwaka mmoja ya marehemu mke wangu, Felisita. Katikati ya majora ya khanga niliiona picha yako. Uliniambia ni mchanga wa Omani saa ya alasiri. Mimi nilifundisha jiografia darasa la sita kwa miaka ishirini na tisa. Niliwaandikisha watoto kuwa jangwa ni mahali pakavu pasipo mimea. Sikuwahi kuwaambia kuwa lina rangi ya waridi, wala kuwa linaweza kumfanya mtu asahau alichofuata dukani. Nilifika nyumbani bila kitambaa.

Basi, binti yangu, ninalo ombi. Kigango chetu kina ukuta mweupe nyuma ya altare, mita nne kwa tatu, hauna kitu tangu ulipojengwa. Mimi ni katibu wa halmashauri ya kigango. Tunapenda tuwe na picha ya jangwa kabla Kwaresima haijaanza, yaani jangwa lile la siku arobaini. Najua wewe ni Mwislamu na huenda ombi lenyewe likakukwaza. Likikukwaza, nisamehe, na barua hii uifungie vitumbua.

Anaileta Bi. Claudine, jirani yangu, anayeuza vitunguu Kasulu kila Alhamisi.

Wako mwenye heshima,
Venanti Niyomwungere

*

Kasulu Mjini
21 Novemba 2013

Baba Mwalimu Venanti,

Shikamoo. Barua yako haikufungia vitumbua. Baba yangu aliisoma kwa sauti mbele ya wateja wawili, akasema mwandiko kama huu haupo tena Tanzania.

Kisha akanigeukia. "Wewe, kanisani?"

Nikasema, "Ukuta, Baba. Ni ukuta tu."

Akafikiri, akasema, "Ukichora vibaya, watasema Mwislamu kawaharibia. Ukichora vizuri, watasema Mungu wao ni mwema. Vyovyote iwavyo wewe hutajwi. Nenda."

Nikueleze nilivyojifunza, ili ujue unaleta mtu gani. Nilikaa miaka minne Omani kwa shangazi yangu Mwanaamina, nikimuuguza. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho, mlango wa uani unatazama mchanga. Jirani alikuwa bibi mmoja aliyefundisha wanawake kuchora. Yeye ndiye aliyenipa mtindo huu wanaouita impreshenisti. Alisema usichore kitu, chora nuru iliyokiangukia dakika ile, maana dakika ijayo itakuwa nuru nyingine. Rangi huzikorogi mpaka zikafa. Unaziweka ubavu kwa ubavu, mguso mfupi mfupi, na jicho la anayetazama ndilo linalozikoroga.

Hapo ndipo nilipojua kuwa mchanga hauna rangi ya mchanga. Asubuhi ni unga wa muhogo. Adhuhuri hauna rangi, unang'aa tu. Alasiri ni mawese yaliyomwagika. Na kivuli cha tuta si cheusi, Baba, ni zambarau kama biringanya. Nilipochora kivuli cheusi kwa mara ya kwanza, bibi yule alinipiga kofi mkononi.

Tangu nirudi, Kasulu hakuna anayenunua picha hizi. Ninayoyapata ni mabango ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu: nawa mikono, tumia choo. Kwa hiyo ukuta wako nimeuota tayari.

Lakini nina sharti moja, nalo naomba unijibu waziwazi. Yesu wenu kwetu ni Nabii Isa, na umbo la nabii mimi sichori. Nitachora jangwa na nuru yake, bila mtu ndani yake. Je, wazee wa kigango wamekubali jangwa lisilo na mtu? Wakisema hapana, hatutagombana. Nijue tu mapema.

Ukuta upigwe chokaa, ukauke wiki mbili, usipakwe rangi ya kung'aa.

Anaileta Bi. Claudine. Amenicheka kwamba sijui kupika maharage.

Mwanao,
Faudhia

*

Kitahana
6 Desemba 2013

Binti yangu mheshimiwa,

Salamu nyingi, na radhi kwa kuchelewa siku kumi na tano. Paroko alikuwa na ziara, na katibu ndiye hubeba vitabu.

Wazee wameipokea habari ya kuja kwako kwa furaha kubwa. Mwenyekiti wetu, Bwana Tharsisi, alipiga makofi. Ukuta umekwisha kupigwa chokaa, na akina mama wamesimamisha jukwaa la mbao. Utalala kwa Bi. Claudine, ambaye ana chumba chenye dirisha, na kuku atachinjwa kwa namna ya dini yako, maana Bwana Saady wa dukani ameahidi kuja kumchinja.

Kuhusu swali lako la mwisho, naomba uniachie mimi. Wazee wanakuheshimu sana, nami nitakuwapo kila siku.

Tafadhali uje baada ya tarehe kumi na mbili Januari, mvua zikituachia nafasi. Barua hii inaletwa na dereva wa lori la mahindi, mtu mwaminifu, jina lake Felisiani.

Wako,
Venanti Niyomwungere

*

Kasulu Mjini
12 Februari 2014

Baba Mwalimu,

Shikamoo. Naomba unisamehe kwamba niliondoka bila kuaga na nikamwacha kuku wa watu mezani. Nimengoja siku saba ili niandike bila hasira. Sijui kama zimetosha.

Ulikuwapo, lakini nataka niliandike lilivyotokea, kwa sababu siku ile hukusema chochote, na mimi nahitaji mtu aseme.

Ilikuwa Jumatano, nimebakiza kona ya chini. Bwana Tharsisi akaingia na wazee wanne, wakasimama chini ya jukwaa, nawe katikati yao.

"Kazi kubwa," alisema. "Sasa Bwana Yesu utamweka upande gani?"

Nikasema, "Simweki, Baba. Nilieleza katika barua."

"Barua ipi? Venanti, kuna barua?"

Ukakohoa.

"Siku arobaini jangwani na mwenyewe hayupo! Hii si harusi isiyo na bwana harusi?" Wenzake wakacheka. Akasogea hadi pua ikakaribia ukuta. "Tena ni madoa. Mke wangu akikaanga mawese, ukuta wa jikoni hutoka hivihivi, na hatujawahi kumwita mchoraji."

Nilikutazama wewe, Baba. Wewe ulitazama sakafu.

Sijakasirika kwa ajili ya madoa. Nimezoea. Lakini niliuliza swali moja kwa adabu, nikaomba jibu la wazi. Kama ungesema hapana, ningebaki dukani na tungebaki marafiki. Badala yake nilitoa siku ishirini na mbili na rangi zangu zote nilizotoka nazo Omani, kwa ukuta ambao wenyewe hawakuuomba.

Claudine ameniambia kuwa Jumapili ya tarehe mbili Machi halmashauri itakaa baada ya ibada, na kwamba Bwana Tharsisi amekwisha kuloweka chokaa. Ile ndiyo kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kufanya. Ikifutwa, nitarudi kwenye mabango ya choo na sitagusa jambo jingine. Choo kila mtu anakielewa.

Niambie jambo moja tu. Uliwaambia au hukuwaambia?

Faudhia

*

Kitahana
20 Februari 2014

Binti yangu Faudhia,

Sikuwaambia.

Naandika neno hilo kwanza, kabla ya salamu, kwa kuwa nikianza na salamu najifahamu, nitakuzungusha hadi mwisho wa karatasi. Sasa naweza kukuamkia, kama bado unaipokea salamu yangu.

Wao walitaka picha ya Bwana Yesu akijaribiwa jangwani. Wewe ulitaka jangwa bila mtu. Kwako niliandika kuwa wamefurahi, na kweli walifurahi, kwa sababu hawakujua. Kwao nilisema, "Mchoraji atajua pa kumweka." Sikutamka uongo hata mmoja, binti yangu, na bado nilikudanganya wewe na kuwadanganya wao, kila upande kwa adabu.

Sitoi udhuru, ila naomba ujue chanzo. Nililelewa misheni, tangu nikiwa mtoto wa miaka saba. Pale ulifundishwa kuwa mkubwa haambiwi hapana, na mgeni haambiwi hapana. Ulijibu ndiyo, kisha ukatafuta namna. Nilikua hivyo, nikawa mwalimu hivyo. Halafu nikamwoa Felisita. Kwa miaka arobaini na mitatu, kila hapana ya nyumba yetu aliisema yeye. Mtu akija kuazima jembe la mwisho, mimi nasema karibu, naye kutoka jikoni anasema kwa lugha yetu ya nyumbani, "Oya," yaani hapana. Basi. Watu walisema Venanti ni mpole na mkewe ni mkali. Yeye alibeba ukali wangu pamoja na wake, nami nikasifiwa. Tangu afariki nimekwisha kuazimisha jembe, baiskeli, na jina langu la ukatibu, na hakuna aliyesema oya.

Siku ile uliponitazama, nilikuwa nangoja sauti itoke jikoni.

Nitasimama katika kikao cha tarehe mbili na kusema nilichokifanya, kisha nitasema kwamba ukuta usifutwe. Sijui kama watanisikia. Huenda wakaufuta mbele ya macho yangu. Lakini safari hii hutalisikia kutoka kwa Claudine kwamba nilikohoa.

Anaileta Claudine. Hataki kunisemesha mpaka niifunge bahasha.

Mwenye kukukosea,
Venanti Niyomwungere

*

Kasulu Mjini
27 Februari 2014

Baba Mwalimu,

Shikamoo. Salamu yako nimeipokea.

Nimeisoma mara mbili, ya pili nikamsomea Baba. Akasema, "Huyu mzee aje tunywe chai. Mimi nami marehemu mama yako ndiye aliyekuwa akiwaambia wateja duka limefungwa."

Usisimame kwa ajili yangu. Kama wewe mwenyewe unaona ni madoa, waache wapake chokaa, nitaelewa. Lakini kama uliona kitu, sema ulichokiona.

Nami nina langu la kuungama, tuwe sawa. Rangi ziliniishia siku ya kumi na tatu. Niliona aibu kukwambia, maana nilijisifu sana. Nilikwenda na Claudine alfajiri tukachimba udongo mwekundu wa kando ya barabara ya Kibondo, na ule mweupe mnaopakia nyumba, tukaupepeta kwa kitambaa na kuukanda kwa gundi. Nusu ya jangwa lile si la Omani. Ni la kwenu.

Nitakuwa dukani Jumapili nzima. Sitapika.

Mwanao,
Faudhia

*

Kitahana, Kibondo
11 Machi 2014

Binti yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa moyo mweupe, wewe na Mzee Khatibu, ambaye chai yake nimeikubali bila kuzunguka. Naomba radhi kwamba nimekuweka siku tisa bila habari. Kila jioni niliketi kuandika, na kila jioni kulikuwa na jambo jipya la kuongeza, kama utakavyoona.

Tarehe mbili, ibada ilipokwisha, watu walibaki. Ndoo ya chokaa ilikuwa mlangoni, na brashi juu yake. Bwana Tharsisi alisoma ajenda: kuurudishia ukuta weupe wake kabla ya Jumatano ya Majivu. Akauliza, kama desturi, "Kuna mwenye neno?" Katika miaka kumi na moja ya ukatibu wangu, hapo ndipo mimi huandika "hakuna".

Nilisimama. Nilikuwa nimetayarisha hotuba ya kurasa mbili. Kilichotoka ni, "Oya."

Bwana Tharsisi akavua miwani. "Venanti, unaumwa?"

Kutoka upande wa akina mama, Mama Esteri akasema, "Haumwi. Huyo Felisita amemjibia." Watu wakacheka, nami, binti yangu, nikacheka na kulia kwa pamoja, na baada ya hapo maneno yalikuja. Niliwaambia kuhusu barua zako na sharti lako, na jinsi nilivyolificha. Nikasema wewe hukumsahau Bwana mwenye nyumba, ni mimi niliyekuficha kwao na kuwaficha kwako. Nikasema kwamba niliona nuru katika ukuta ule ambayo sikuwahi kuifundisha, na kwamba atakayepaka chokaa apake na mikono yangu.

Hapo desturi ya kigango chetu ikashika njia yake. Kwetu, mzee akikiri kosa hadharani huondoka benchi la mbele na kwenda kuketi la mwisho kabisa, mlangoni. Kisha yule aliyekosewa humfuata kule nyuma, huketi naye, wakashikana mikono. Bila hivyo hakuna kikao kinachoendelea. Basi nilikwenda nikaketi karibu na ndoo. Nilimkosea mwenyekiti, kwa hiyo ilimpasa anifuate. Alikuja polepole, amenuna, kanisa lote likimtazama. Akaketi. Akanipa mkono. Akainua macho.

Elewa kwamba Bwana Tharsisi ameketi benchi la kwanza, hatua tano kutoka altare, tangu kanisa lile lilipoezekwa. Sisi wazee wote huketi pale. Hakuna mmoja wetu aliyewahi kuitazama picha yako kutoka mlangoni.

Mkono wake ukabaki katika wangu. Akaninong'oneza, "Ameongeza lini?"

"Ameongeza nini?"

"Ile nuru. Lile tuta la nyuma, linalokwenda. Ameliongeza lini?"

"Hajagusa ukuta tangu Februari, mwenyekiti."

"Basi mimi nilikuwa natazama nini?"

Mama Esteri, ambaye masikio yake ni makubwa kuliko umri wake, akajibu kwa sauti, "Ulikuwa unatazama pua yako! Sisi huku nyuma tunaona jangwa wiki ya nne sasa. Hakuna aliyetuuliza."

Mzee Melkiadi hakuridhika. Akasimama, akauliza kama ni sawa kanisa kuwa na jangwa lisilo na Bwana. Lilikuwa swali la haki. Jibu alikuwa nalo Mama Esteri. Wewe ulimwona, ni yule bibi aliyekuletea viazi. Yeye, kama mimi, alivuka mto Malagarasi kwa miguu wakati wa mauaji ya kwetu Burundi, akiwa na mtoto mgongoni.

Alisema, "Melkiadi, wewe ulizaliwa hapa. Mimi nilipita huko. Ukiwa jangwani huwaoni watu. Unaona unakokwenda tu. Na aliyekuwa pamoja nami sikumwona hata siku moja, lakini nilifika."

Nami katika kumbukumbu za kikao nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, ingawa si kawaida kuandika maneno ya mtu asiye mjumbe.

Nisikufiche tena jambo lolote: ushindi si kamili. Imeamuliwa kwamba ukuta ubaki hadi Pasaka, paroko aje auone, ndipo usemwe tena. Wazee wawili bado wananung'unika. Lakini chokaa ya ndoo ile imepakwa ghala la mahindi, na aliyeipaka ni mwenyekiti mwenyewe. Jumapili iliyopita tulifika kanisani tukakuta wazee wanagombea mabenchi ya mlangoni, na akina mama wamekataa kuhama. "Mlituachia nyuma miaka yote," walisema, "sasa kaeni mbele na madoa yenu." Nadhani paroko atahubiri kwa mabenchi matupu mbele yake, na hilo nalo itabidi tumweleze.

Habari ya udongo nimemwambia Claudine tu, ambaye aliijua. Wengine uwaambie wewe utakapokuja kwa Pasaka kumla kuku uliyemwacha. Nakuomba uje. Ukiona huwezi, sema hapana, nami nitakuheshimu zaidi.

Safari hii sikumpa barua Claudine. Anaileta Bwana Tharsisi mwenyewe. Amesema anakuja Kasulu kununua mabati, lakini mabati yanauzwa Kibondo, tena kwa wingi. Ana neno la kukwambia na hajui litaanzaje, naye hakuzoea kuomba radhi kama mimi niliyezidisha. Tafadhali mpokee, mpe chai, mpe na kiti. Kama picha yako ingali imetundikwa kati ya khanga, kiti hicho kiwe upande wa pili wa barabara.

Wako, anayejifunza uzeeni,
Venanti Niyomwungere